Nusu saa na wakili wa kujitolea: unapata nini, hupati nini

Mama mmoja anayeuza maandazi Mbagala, Dar es Salaam, amefiwa na mume wake miezi minne iliyopita. Nyumba yao ipo kwenye kiwanja kisichopimwa, walichonunua kwa hati ya mauziano iliyogongwa mhuri serikali ya mtaa. Juzi shemeji yake kaja na karatasi ya Mahakama ya Mwanzo, akamwambia: "Shemeji, mimi ndiye msimamizi. Ukoo umeshakaa, nyumba inauzwa." Mama hana hela ya wakili. Jirani kamwambia kuna mawakili wanaosaidia bure, akaulize. Aulize wapi? Abebe nini? Na akishakaa mbele ya huyo wakili, atarajie nini?

Mama huyu ni wa mfano. Nimemuunga kutokana na watu wengi niliokaa nao meza moja, kwa sababu mimi ni wakili na nimekuwa nikijitolea kwenye meza za ushauri wa bure, siku moja hapa, siku mbili kule. Wengi wanaokuja wanadhani msaada wa kisheria maana yake ni wakili wa kusimama mahakamani bila malipo. Huyo yupo, ila ni haba. Kinachopatikana kwa urahisi zaidi, na ambacho mara nyingi ndicho kinachookoa nyumba, ni nusu saa ya ushauri iliyopatikana kabla siku hazijaisha. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye bado ana siku mkononi na hajui kwamba zinahesabika.

Nani ni nani mezani

Kwanza tutenganishe watu, maana mtaani wote tunawaita "mwanasheria".

Mwanasheria ni aliyesoma sheria. Anaweza kuwa na shahada yake nzuri kabisa na asiwe wakili. Wakili ni yule ambaye, baada ya shahada, amepita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, akaapishwa na Jaji Mkuu, jina lake likaingia kwenye daftari la mawakili, na kila mwaka anahuisha leseni yake. Ndiye anayeruhusiwa kukuwakilisha Mahakama ya Wilaya, Mahakama Kuu na kuendelea. Leseni yake unaweza kuithibitisha mwenyewe kwa simu yako, kupitia mfumo wa Mahakama wa e-Wakili: andika jina, uone kama yupo hai kikazi au amesimamishwa. Kufanya hivyo si kumvunjia mtu heshima. Mimi nafurahi mteja akinikagua.

Halafu kuna msaidizi wa kisheria. Huyu ndiye watu wengi wa vijijini wanayemfikia kwanza, na ndiye anayedharauliwa bila sababu. Si wakili. Ni mtu wa eneo hilohilo aliyepata mafunzo ya sheria za msingi, ambaye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imemtambua rasmi. Kazi yake ni kutoa elimu, kukuelekeza chombo sahihi cha kupeleka tatizo lako, kukusaidia kuandaa nyaraka, kusaidia pande mbili kuelewana, na kukupeleka kwa wakili jambo likizidi kimo chake. Haruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili wako. Akikuahidi hivyo, ondoka.

Na wa mwisho ni kishoka: yule anayekaa nje ya mahakama na bahasha ya kaki na kalamu mfukoni, anayejua majina ya makarani wote, anayesema "nipe elfu hamsini nikuandikie, hakimu ni mtu wangu". Hati aliyoiandika kishoka nimeiona ikiharibu shauri zuri. Ilitaja sheria isiyohusika, ikapelekwa mahakama isiyo na mamlaka, upande wa pili ukaweka pingamizi la awali, shauri likatupwa, na miezi minane imeshapita. Huyu ni ghali kuliko wakili.

Je, nastahili?

Watu huuliza: mshahara uwe chini ya kiasi gani? Sheria ya Tanzania Bara haikuweka kiwango cha shilingi. Inamtaja mtu asiye na kipato cha kutosha kumlipa wakili binafsi, na inaacha nafasi kwa makundi mengine pale haki inapotaka hivyo. Kwa hiyo kipimo si umaskini wa kutupwa. Mama wa maandazi anaweza kuwa na nyumba na bado astahili, kwa sababu nyumba hailipi wakili, na isitoshe hiyo nyumba ndiyo inayogombewa. Dereva wa bodaboda mwenye pikipiki ya mkopo anaweza kustahili. Mtumishi aliyefukuzwa kazi mwezi uliopita anaweza kustahili ingawa mwaka jana alikuwa na mshahara.

Mashirika mengi yatakuuliza maswali machache kuhusu kipato, watu wanaokutegemea na kodi ya nyumba unayolipa. Baadhi yatataka barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mtendaji wa kijiji. Ipate mapema. Nimeona watu wanarudishwa nyumbani kwa barua tu, na nauli ya kurudi mara ya pili hawana. Na kama mwenyekiti mwenyewe ndiye mgomvi wako, au ndiye aliyegonga mhuri kwenye mauziano ya hila, sema wazi pale mezani. Hakuna mtu mwenye akili atakayekulazimisha ukaombe barua kwake.

Msaada huu ni wa bure. Mtoa msaada aliyesajiliwa hapaswi kukudai ada ya ushauri, ya kuandika hati, wala "ya soda". Akikudai, yupo Msajili wa Watoa Huduma za Msaada wa Kisheria chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, na ngazi ya mkoa na halmashauri kuna wasajili wasaidizi, ambao kwa kawaida ni Maafisa Maendeleo ya Jamii. Afisa huyo ndiye pia wa kumuuliza swali ambalo watu hawamuulizi: "Naomba orodha ya watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa hapa wilayani kwetu." Ofisi yake iko halmashauri, kuuliza hakuna malipo.

Siku

Hapa naomba msomaji atulie, maana ndipo watu wanapopotezea haki zao.

Kila dai lina umri wake kisheria. Umefukuzwa kazi isivyo halali? Malalamiko yapelekwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine ya kazi, kama mshahara usiolipwa, ni siku 60. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo hukuridhika nayo? Rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Mkataba uliovunjwa una miaka 6. Madhara uliyotendewa, kama kugongwa na gari kwa uzembe, miaka 3. Ardhi miaka 12. Na kama unayetaka kumshitaki ni Serikali, lazima kwanza umpe notisi ya siku 90. Hata halmashauri imo humo, kwa hiyo aliyegongwa na gari la halmashauri asisubiri mwaka wa tatu uishe ndipo aanze kutafuta ushauri.

Mtu anaweza kuomba kuongezewa muda. Ni kweli, lakini mahakama zetu zimeweka kipimo kigumu: uieleze kila siku uliyochelewa. Si "nilikuwa naumwa" kwa jumla. Tarehe 3 hadi 17 ulikuwa wodini, karatasi ya hospitali iko wapi? Tarehe 18 hadi 26 ulikuwa unafanya nini? Mtu maskini ndiye asiye na karatasi za kueleza siku zake. Alikuwa anatafuta nauli. Alikuwa anauguza mtoto nyumbani kwa dawa za duka la jirani. Hakuna risiti ya mambo hayo. Hii inaniuma, na ndiyo maana nasisitiza kwamba nusu saa ya mapema ina thamani kuliko wakili hodari wa kuchelewa.

Sababu kubwa ya kuchelewa ninayoiona ni heshima. Watu wanasubiri wazee wakae. Wanasubiri arobaini ipite. Mwajiri kasema "nenda, tutakuita", wanasubiri kuitwa. Kusubiri huko kuna utu ndani yake na sikukatazi kuongea na wazee. Lakini kupata ushauri si kumshitaki mtu. Unaweza kujua siku zako zimebaki ngapi leo, na kesho ukakaa kwenye mkeka na shemeji yako mkazungumza kwa amani, ukiwa unajua mazungumzo yanaweza kuendelea mpaka lini.

Nusu saa ya mama wa maandazi

Tumfuate sasa hadi mezani. Amekuja na mfuko wa rambo wenye karatasi. Wakili atakachouliza kwanza ni ile karatasi ya mahakama: ni ya nini hasa, na ina tarehe gani?

Swali hilo ndilo linalogawa njia. Kama karatasi ni tangazo tu kwamba shemeji ameomba kuteuliwa, na siku ya kusikilizwa bado, mama anakwenda mahakamani kabla ya siku hiyo na kuweka pingamizi. Kama uteuzi umeshafanyika na mama hakuwa na habari, njia yake ya kawaida ni kurudi mahakama ileile na kuomba uteuzi utenguliwe, kwa hoja kwamba ulipatikana kwa udanganyifu au kwa kuficha jambo la msingi, kwa mfano kwamba marehemu ana mjane na watoto ambao hawakutajwa. Kama aliweka pingamizi na likakataliwa, hapo tunazungumza rufaa Mahakama ya Wilaya, na siku 30 zinahesabika tangu uamuzi ule. Njia tatu, karatasi tatu tofauti. Akifuata njia isiyo yake, ataambiwa kwamba ombi lake halina miguu, na atarudi mwanzo.

Halafu wakili atamwambia jambo ambalo nimelisema mara nyingi kiasi kwamba nalisikia hata usingizini: msimamizi si mrithi. Barua ya usimamizi haimpi shemeji nyumba. Inampa kazi. Kazi ya kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni yake, kuwagawia warithi, na kurudisha hesabu mahakamani, kwa kawaida ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa. Ni mtumishi wa warithi. Neno "msimamizi" limewadanganya wengi, maana mtaani msimamizi ni bosi: msimamizi wa shamba, msimamizi wa ujenzi. Mahakamani ni mtu anayedaiwa hesabu. Nimemwona mama akinyanyua kichwa kwa mara ya kwanza aliposikia sentensi hiyo moja.

Kisha watazungumza fungu. Ndoa ilikuwa ya Kiislamu na familia inafuata mirathi ya Kiislamu? Mjane ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, ikiwa mume ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Lakini kabla ya kufika kwenye mafungu kuna swali lililo mbele yake: je, nyumba yote ilikuwa ya marehemu? Wakili ataifungua ile hati ya mauziano na kutazama majina. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mali iliyoandikwa kwa majina ya wanandoa wote wawili huchukuliwa kuwa ni yao sawa kwa sawa, mpaka mtu athibitishe vingine. Kama jina ni la mume peke yake, mama bado anaweza kuonyesha mchango wake, ila kazi ya kuthibitisha inakuwa nzito zaidi: nani alileta mchanga, nani alimlipa fundi, michezo ya vikoba ilitumika wapi. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lile lilikuwa shauri la talaka, na la mirathi lina mazingira yake. Hata hivyo ni vizuri mama ajue kwamba maandazi yaliyosomesha watoto wakati mume ananunua tofali hayakuwa bure mbele ya sheria.

Mwisho wa nusu saa, mama anaondoka na nini? Akibahatika, na hati ya pingamizi au ombi la kutengua uteuzi lililoandikwa kwa Kiswahili, pamoja na ombi la kuzuia nyumba isiuzwe shauri likiwa linasikilizwa. Akiwa na bahati ndogo, anaondoka na karatasi yenye maelekezo. Na mara nyingi atakwenda kusimama mwenyewe.

Kusimama mwenyewe

Najua hili linatisha. Lakini Mahakama ya Mwanzo ilijengwa kwa ajili ya mtu anayesimama mwenyewe. Lugha yake ni Kiswahili tangu zamani. Kwa mashauri ya madai, sheria inaruhusu ndugu au mtu wa nyumbani kwako akusemee pale utakapoomba na mahakama ikakubali. Binti yako aliyesoma anaweza kusimama nawe. Kuanzia mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa ujumla, ingawa huko juu bado utakutana na hukumu na sheria nyingi za Kiingereza. Hukumu yako ikiandikwa kwa lugha usiyoisoma, meza ya msaada ni mahali halali pa kuipeleka ili usomewe. Usiweke saini kitu ambacho hujasomewa.

Migogoro ya ardhi nayo ina mlango wake. Unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya mwaka 2021 halihukumu tena masuala ya ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa, linatoa cheti cha kushindikana kwa usuluhishi, nawe unasonga mbele Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya; siku 30 zikipita bila usuluhishi, unaweza kwenda hata bila cheti. Talaka vilevile: kabla ya mahakama lazima mpite kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa mpewe hati. Hatua hizi hazihitaji wakili hata kidogo, zinahitaji mtu wa kukuambia zipo. Msaidizi wa kisheria wa kata yako anazijua kama anavyoijua njia ya kisimani.

Matunzo ya mtoto yana njia fupi zaidi. Anza kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Palipo na kipigo au ukatili, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, siku hiyohiyo.

Meza ziko wapi

Chama cha Mawakili Tanganyika, ambacho kila wakili wa Bara ni mwanachama wake, kina wajibu kisheria wa kuusaidia umma katika mambo ya sheria, na matawi yake mikoani huandaa siku za ushauri wa bure. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, kilichoanzishwa mwaka 1989, na Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, WLAC, vina uzoefu mkubwa wa ndoa, mirathi na watoto. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kipo tangu 1995. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mila ndefu ya walimu na wanafunzi wa sheria kutoa msaada kwa wananchi. Zanzibar ina sheria yake ya msaada wa kisheria ya mwaka 2018, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992.

Wiki ya Sheria, mwishoni mwa Januari kuelekea Siku ya Sheria, Mahakama na mawakili huweka mabanda ya ushauri hadharani. Na tangu 2023 kuna Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, ambayo huzunguka mikoani hadi kwenye kata. Naipenda kwa sababu inamfuata mtu alipo. Ila timu inakuja na kuondoka, na kesi yako inabaki. Ukikutana nayo, usinyanyuke kwenye kiti kabla hujaandika jina na simu ya mtu wa wilayani kwako atakayelifuatilia jambo lako timu ikishahama.

Kwa ndugu zetu wa Kenya, mlango ni tofauti lakini nyumba inafanana. Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya kupewa wakili kwa gharama ya serikali pale ambapo kukosa wakili kungeleta dhuluma kubwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilianzisha Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Kituo cha Sheria kilianzishwa na mawakili wa kujitolea mwaka 1973, na FIDA Kenya, shirikisho la wanasheria wanawake, ipo tangu 1985 kwa ajili ya wanawake na watoto. Dai lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria imeipa siku 60 kumaliza shauri.

Usichoahidiwa

Wakili wa kujitolea hakulipii nauli, wala fundi wa kupima kiwanja, wala chakula cha mashahidi wako. Ada ya mahakama nayo ni jambo tofauti na ada ya wakili. Unaweza kuomba usilipe: Amri ya 33 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaruhusu asiye na uwezo kufungua shauri bila ada, na mahakama itamchunguza kwanza. Muulize wakili akuandikie ombi hilo, kwa kuwa mara nyingi halitajwi mpaka mtu aulize.

Anaweza pia kukukataa kwa sababu ambayo haina uhusiano na wewe. Kama shemeji alishafika kwenye shirika hilohilo wiki iliyopita na kushauriwa, shirika haliwezi kukushauri wewe dhidi yake. Mtu akisikia hivyo hudhani wamehongwa. Hapana, ni kanuni inayolinda siri, na siku nyingine itakulinda wewe. Waombe wakuelekeze shirika jingine. Hawawezi kukuambia shemeji alisema nini, kama ambavyo hawatamwambia yeye utakachosema.

Kwa hiyo sema yote. Sema na yale yanayokuumiza: kwamba ulishasaini karatasi usiyoisoma, kwamba ulipokea laki mbili za "kifuta machozi", kwamba kuna mke wa pili na watoto wake. Wakili anayeyasikia mezani anaweza kuyapangia jibu. Anayeyasikia kwa mara ya kwanza kutoka mdomoni mwa mpinzani, mbele ya hakimu, hana la kufanya. Niliwahi kuaibika hivyo mahakamani kwa ajili ya mzee mmoja niliyempenda sana, na sikumlaumu, kwa kuwa sikumuuliza vya kutosha.

Kesi za jinai nazigusa kwa ufupi kwa sababu zinastahili makala yake. Kwa mashitaka ya mauaji Mahakama Kuu humpangia mshtakiwa wakili anayelipwa na Serikali. Kwa mashitaka mengine, hakimu au jaji akiona haki inataka mshtakiwa awe na wakili na hana uwezo, anaweza kuelekeza apatiwe msaada. Mshtakiwa mwenyewe anaweza kusimama kizimbani na kuomba. Familia ya aliye mahabusu isikae nyumbani ikilia: msaidizi wa kisheria au shirika linaweza kumfikia huko, kwa kuwa sheria ya 2017 imewafikiria pia waliopo vituoni na magerezani.

Mfuko wa rambo

Vya kubeba, kwa mama wetu: cheti cha kifo kutoka RITA (wakala wa Serikali unaosajili vizazi na vifo), cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya mauziano, muhtasari wa kikao cha ukoo kama anao, na ile karatasi ya shemeji yenye namba ya shauri. Meseji za simu zisifutwe. Atoe vivuli, na vivuli ndivyo aviache. Nakala halisi arudi nazo nyumbani, hata kama wakili ana sura njema kuliko zote. Usiku kabla ya kwenda, aandike au aandikiwe na mtoto wake nusu ukurasa: lini walioana, lini walinunua, lini mume alifariki, lini shemeji alikuja, alisema nini. Kwa tarehe, kwa mpangilio. Nusu ukurasa huo unanipa mimi dakika kumi zaidi za kufikiri.

Akifika, baada ya salamu, aulize maswali matatu na asitoke bila majibu: siku zangu zinaisha lini, hatua inayofuata naifanya mimi au wewe, na nikikwama nampigia nani. Majibu ayaandike pale pale, mbele ya wakili, kisha amsomee asikie kama yako sawa.

Mama wa maandazi, kwenye karatasi yake, ameandika kwa kalamu ya mtoto: "Mahakama ya Mwanzo, Jumatatu saa mbili asubuhi, kuomba uteuzi utenguliwe na nyumba isiuzwe. Cheti cha ndoa kisisahaulike. Dada wa msaada wa kisheria atakuwepo mlangoni."